Sauti za Aveba kwenye kompyuta: vidokezo vya kurekodi bila kupoteza neno

Aveba imetajwa sana mbali na Aveba. Katika kesi ya kamanda wa waasi Germain Katanga, iliyoanza Novemba 2009 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, jina la kijiji hiki cha Walendu Bindi, katika wilaya ya Irumu kusini mwa Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, lilirudiwa kwa miaka, na Januari 2012 majaji wenyewe walikuja Ituri wakafika hadi hapo. Maneno ya kesi ile yalirekodiwa na kutunzwa The Hague. Natamani kuona masimulizi mengine ya Aveba yakitunzwa kwa uangalifu uleule, tena yakitunzwa Aveba penyewe: wazee wakieleza koo zao, kwaya ya Jumapili, akina mama wakisimulia walivyorudi kulima mashamba waliyoyakimbia.

Studio haihitajiki. Laptopu moja ya kawaida, mikro moja ya heshima na programu ya bure kama Audacity vinatosha. Rekodi nyingi huharibika kabla hata kitufe chekundu hakijabonyezwa, kwa sababu hakuna aliyehakikisha sauti inaingia kompyutani kwa njia ipi. Vidokezo hivi ni vya njia hiyo.

1. Chora njia ya sauti kwanza

Chukua karatasi, andika: mdomo, mikro, waya, tundu, kadi ya sauti, Windows, programu, faili. Sauti hupita vituo vyote hivyo kwa zamu, kama gari linalotoka Bunia kwenda Aveba kupitia Bogoro: ukiambiwa halijafika, unauliza kwanza kama Bogoro limepita. Kukiwa kimya kwenye programu, usibonyeze ovyo. Anza mdomoni, ukague kituo kimoja kimoja hadi uone ni wapi sauti imekwama.

Na kuna jaribio moja ambalo halijawahi kuniangusha. Bonyeza kurekodi, kwaruza mikro taratibu kwa ukucha, kisha kwaruza mwili wa laptopu karibu na kile kitundu kidogo cha mikro ya ndani. Tazama mawimbi kwenye skrini. Ukikuta mkwaruzo wa laptopu ndio umechora mlima na wa mikro umeacha kivuli tu, basi mikro uliyonunua kwa jasho iko pale kama pambo. Kompyuta inasikiliza kwa sikio lake yenyewe. Kuanzia hapo unajua tatizo liko kwenye uchaguzi wa mlango, wala si kwenye waya.

2. Chagua mlango wewe mwenyewe, mara mbili

Windows hupenda kuchagua. Ukichomeka kifaa cha USB, yaweza kukihamia. Ukikichomoa, inarudi kwenye mikro ya ndani bila kukuambia. Kompyuta nyingi za kwetu zinaongea Kifaransa, kwa hiyo naacha majina ya menyu kama yalivyo kwenye skrini. Bofya kwa kitufe cha kulia alama ya spika chini kabisa, fungua Paramètres de son, teremka hadi Entrée, chagua mikro yako. Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya pili ni ndani ya Audacity, kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia. Programu ina uchaguzi wake, na huweza kung'ang'ania kifaa cha jana. Kingine: Audacity husoma orodha ya vifaa inapofunguliwa, hivyo chomeka mikro kwanza, kisha ufungue programu.

Ikiwa umechagua sawasawa na bado mstari umelala, fungua sehemu ya Confidentialité, halafu Microphone. Huenda Windows imezinyima programu ruhusa ya kusikia. Swichi hiyo ndogo imewachosha watu wengi waliokuwa wakilaumu waya.

3. Tundu moja halilingani na jingine

Kwenye kompyuta kubwa ya mezani rangi zinasaidia: waridi ni la mikro, bluu ni la sauti iliyokwisha kukuzwa, yaani line, kijani ni la kutolea sauti kwenda kwenye spika. Kwenye laptopu mara nyingi kuna tundu moja tu, la pini yenye sehemu nne, linalobeba masikio mawili, mikro na waya wa ardhi kwa pamoja. Ukichomeka humo mikro ya kawaida yenye pini ya sehemu tatu, kompyuta inadhani umechomeka hedifoni, na mikro haisikiki kabisa. Dawa ni kigawanyi, yaani kile kiwaya kifupi chenye pini moja na matundu mawili, au kadi ndogo ya sauti ya USB. Mimi nashauri kadi ya USB. Bei yake si kubwa, na inakutenga na kelele za ndani ya laptopu.

Kosa linaloharibu rekodi nyingi za makanisani hutokea hapa. Fundi wa kwaya anatoa waya kwenye mikseri na kuupeleka moja kwa moja kwenye tundu la mikro la laptopu. Mikro hutoa milivolti chache. Mikseri, kupitia matundu yake ya kurekodia, hutoa karibu thuluthi moja ya volti, na kupitia njia zake kuu yaweza kupita volti nzima. Ni zaidi ya mara mia. Tundu la mikro linazidiwa, na soprano zinageuka mkwaruzo ambao hakuna programu itakayouondoa. Kupunguza sauti kwenye Audacity hakusaidii, kwa kuwa uharibifu umetokea kabla sauti haijafika huko. Tafuta kadi ya USB yenye mlango wa line, au tumia matundu ya kurekodia ya mikseri huku umeyateremsha, na usikilize kabla ibada haijaanza.

4. Achana na Bluetooth

Kwa kurekodi, tumia waya. Hedifoni nyingi za Bluetooth, mara tu mikro yake inapowashwa, hushuka kwenye hali ya simu, na sauti inabanwa kana kwamba mtu anaongea ndani ya debe.

5. Pima sauti ya mtu, usipime sauti yako

Fundi husema "moja, mbili, tatu" kwenye mikro, anaridhika, kisha anampisha mzee. Mzee anaongea polepole, kichwa ameinamisha, na rekodi nzima inakuwa mnong'ono. Au anafika kwenye sehemu ya wimbo, anapaza, na mawimbi yanagonga dari.

Mketishe vizuri. Mikro iwe mbali kiasi cha shubiri moja na mdomo, imeelekea pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kisha mwambie: "Papa, kabla hatujaanza, tuambie leo asubuhi umeamka saa ngapi na umekula nini." Ataongea kwa sauti yake ya kweli, atacheka, pengine atalalamikia sombe isiyo na mawese. Wewe macho kwenye kipimo. Vilele viwe kati ya desibeli −12 na −6. Sifuri ndiyo dari; kinachoigonga kinakatwa na hakirudi tena. Mwombe pia apaze sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde, upate kujua kilele chake kiko wapi. Ukiona sauti iko chini mno hata baada ya kusogeza mikro, fungua paneli ya zamani ya sauti (bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl), nenda Enregistrement, kisha Propriétés, kisha Niveaux. Utakuta mstari wa kuongeza nguvu ya mikro. Ongeza 10, sikiliza. Ukifika 30 utasikia mvumo wa kadi yenyewe kama mvua ya mbali. Kusogeza mikro daima ni bora kuliko kuongeza nguvu.

6. Zima "usaidizi" wa kompyuta

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote, hasa kwa Aveba.

Wenyeji wa Walendu Bindi wanazungumza Kingiti, ambacho wenyewe hukiita Ndruna. Ni lugha ya toni: kimo cha sauti, juu au chini, hubadilisha maana ya neno. Tena ina konsonanti zinazotamkwa kwa kuvuta hewa ndani badala ya kuisukuma nje, na baadhi yake hazina mvumo wa koo hata kidogo. Mwanaisimu Constance Kutsch Lojenga alizieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha sarufi ya Kingiti kilichotoka mwaka 1994. Ni sauti fupi na za chini, na sikio la mgeni huzipita bila kuzitambua.

Mashine nayo huzipita. Windows, kadi za sauti na programu za mikutano huja na vichujio vya kuondoa kelele, vya kuzuia mwangwi, na vya kupandisha na kushusha sauti vyenyewe. Vimefundishwa kwa lugha nyingine na kwa vyumba vingine. Vikikutana na sauti fupi isiyo na mvumo, vinaweza kuichukulia kuwa kelele na kuifuta. Kile cha kupandisha na kushusha kinasawazisha sauti zote, na nguvu ya usemi wa mzee inapotea. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya mikro yako, tafuta Améliorations audio, zima. Ndani ya programu ya mikutano, tafuta swichi inayoruhusu sauti halisi. Ukitaka kusafisha rekodi, isafishe baadaye kwenye nakala, huku ile ya asili ukiiacha kama ilivyo. Mtafiti atakayekuja miaka 30 ijayo atataka ile yenye kelele.

7. Umeme una sauti

Grupu (jenereta) ikinguruma nyuma ya nyumba, kila mtu anaisikia. Isogeze mbali, nyuma ya ukuta, au izime kabisa. Lakini kuna mlio mwingine ambao hausikiki chumbani na unasikika kwenye rekodi: mvumo mzito wa 50 Hz unaopita kwenye waya, au mlio mkali wa kibadilishaji cha sola cha bei nafuu. Mara nyingi huingilia kwenye chaja. Chomoa chaja, rekodi kwa betri ya laptopu, usikie tofauti. Panga siku yako hivyo: paneli zijaze betri mchana, mazungumzo yafanyike baadaye bila kitu chochote kuchomekwa.

Simu zote ziwekwe kwenye hali ya ndege, yako ya kwanza. Simu inayotafuta mtandao wa 2G karibu na waya wa mikro huacha ule mdundo wa trrr-trrr ndani ya rekodi hata kama haijaita.

Kuhusu mvua juu ya bati sina ujanja. Ikianza, simamisha, kunyweni chai.

8. Kurekodi kinachosikika ndani ya kompyuta yenyewe

Mtoto wa Aveba yuko Kampala, au Kinshasa, au Ubelgiji, na anataka kuongea na bibi yake kwa simu ya intaneti huku mazungumzo yakihifadhiwa. Wengi huweka simu nyingine mbele ya spika. Hakuna haja.

Kwenye Windows, fungua Audacity, na sehemu ya Hôte ubadilishe kutoka MME kwenda Windows WASAPI. Kwenye orodha ya kurekodia vitatokea vifaa vyenye neno loopback mwishoni. Chagua kile chenye jina la spika au hedifoni unayosikilizia, na kila kinachosikika humo kitarekodiwa bila kupita hewani. Kompyuta nyingine zina mlango uitwao Mixage stéréo unaofanya kazi kama hiyo, umefichwa. Ufungue kwenye paneli ile ya mmsys.cpl, chini ya Enregistrement: bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu, uombe vifaa vilivyozimwa vionekane, kisha uuwashe.

Tahadhari: kwa njia hii unapata sauti ya aliye mbali peke yake. Bibi aliye mbele ya mikro hayumo, na Audacity hairekodi vifaa viwili tofauti kwa wakati mmoja. Hapa naenda moja kwa moja kwa OBS Studio, ambayo pia ni ya bure. Ingawa imetengenezwa kwa ajili ya video, inashika sauti ya kompyuta na sauti ya mikro kwa pamoja, na kwenye mipangilio ya juu ya sauti unaweza kuipa kila moja mstari wake. Mjukuu mstari wa 1, bibi mstari wa 2. Bibi avae hedifoni, la sivyo sauti ya mjukuu itatoka kwenye spika na kurudi kuingia kwenye mikro.

Mwenye Mac anahitaji kusakinisha waya wa kubuni kama BlackHole, kwa kuwa mfumo hauna mlango wa namna hiyo uliokwisha kutayarishwa. Mwenye Linux ana raha: anaanza kurekodi, anafungua pavucontrol, na kwenye ukurasa wa kurekodi anaihamisha programu kwenda kwenye "monitor" ya spika.

Kitu kimoja cha kuzima kabla ya simu: kwenye paneli ya sauti, ukurasa wa Communications, Windows imepangwa kushusha sauti nyingine kwa asilimia 80 inapohisi kuna simu. Chagua Ne rien faire.

9. Sikiliza kwa hedifoni, kila mara

Macho yanaona mawimbi. Hayaoni waya uliolegea. Na ukifungua spika huku mikro iko wazi, sauti inazunguka hadi ule mlio mkali ambao mafundi wa Bunia huuita larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen. Kama msemaji anataka kujisikia na anasikia sauti yake ikichelewa, zima usikilizaji wa kupitia kompyuta na utumie ule wa moja kwa moja ulioko kwenye kadi ya USB. Sauti inayorudi kwa kuchelewa humfanya mtu ashikwe na kigugumizi.

10. Mtu mmoja, mstari mmoja

Mtu anayeuliza na mtu anayejibu wakiwa kwenye mstari uleule, huwezi tena kuwatenganisha. Kadi ya USB yenye matundu mawili inakupa mmoja kushoto, mwingine kulia. Kwenye Audacity rekodi kwa stéréo, kisha gawa mstari vipande viwili. Sasa kikohozi cha mwulizaji unakifuta bila kugusa jibu.

Hii ina faida ya pekee pale panapotafsiriwa. Kwenye kesi za The Hague wakalimani walihitaji msemaji amalize na kunyamaza kidogo kabla mwenzake hajaanza, na kila lugha ilikuwa na njia yake ya kusikilizwa. Nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiwango kidogo: mzee kwa Kingiti mstari wa kushoto, mkalimani kwa Kiswahili mstari wa kulia, na sheria moja tu ya chumba, kwamba hakuna anayeanza kabla mwingine hajafunga mdomo. Mwanzoni watu wanaona ugumu. Baada ya robo saa wanaizoea.

Usilikate swali pia. Mradi wa Interactive Radio for Justice, ulioanza Ituri mwaka 2005, ulisimama juu ya jambo hilo: sauti ya mkaaji akiuliza swali lake mwenyewe, ikipelekwa kwa mkubwa wa mahakama au wa serikali, kisha jibu likirushwa redioni. Swali lina uzito wake.

11. Faili ni kazi pia

Rekodi kwa WAV, kwa 48,000 Hz, biti 16 au 24 kama kadi inaruhusu. Kwa mtu mmoja kwenye mstari mmoja, biti 16, dakika moja ni megabaiti 5.76, yaani saa nzima ni kama 346. Hata flashi ndogo inabeba. Kutuma hadi Bunia kwa mtandao wa simu ni habari nyingine, hapo tengeneza nakala ya MP3 ya kilobiti 64: saa nzima inashuka hadi kama megabaiti 29. Nakala hiyo ni ya kutuma tu. Ukifuta WAV ukabaki na MP3, zile sauti za kidokezo cha 6 ndizo za kwanza kuumia.

Angalia pia kwamba "kuhifadhi mradi" kwenye Audacity hakukupi faili la sauti ambalo redio itaweza kulifungua. Lazima utoe WAV kupitia Exporter. Na kila baada ya nusu saa, simamisha, hifadhi, anza upya. Betri hufa bila kuaga.

12. Ruhusa kabla ya kitufe, jina mahali pengine

Mwanzoni mwa rekodi, msemaji aseme kwa mdomo wake kwamba anakubali kurekodiwa, na kwamba sauti yake itumike wapi: nyumbani tu, redioni, au popote. Sema tarehe na mahali. Kwa wimbo au hadithi, taja jina lake kwa fahari.

Kwa masimulizi ya vita, usilitaje. Huko Ituri watu wanaishi jirani na wale wanaowazungumzia, na mkataba wa amani uliotiwa saini Februari 2020 kati ya serikali na kundi la waasi la FRPI haukufuta kumbukumbu za mtu yeyote. Lipe faili namba, andika namba na jina kwenye daftari la karatasi, na daftari lisikae kwenye begi moja na laptopu. Sauti yenyewe hutambulika, kwa hiyo kabla ya kumpa mtu mwingine nakala, mrudie msemaji, mwekee hedifoni masikioni, asikie alichosema. Akisema "kipande hiki ondoa," kiondoe mbele ya macho yake, kwenye nakala zote.

Nakala ya WAV iliyobaki iweke kwenye diski mbili. Moja iende Bunia kwa mtu unayemwamini, nyingine ibaki Aveba, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mbali na joto la bati, na kwa yule ambaye familia imemchagua kuitunza.